Kutazama na kubishania saifai Dar: maandalizi kuanzia skrini hadi kura

Ubishi wa filamu za kubuni za kisayansi, saifai kama wengi wanavyoziita, hauhitaji kuchochewa. Waweke watu kumi walioiona Interstellar kwenye benchi moja la kahawa, Magomeni au Temeke, nao watavutana hadi birika likauke. Tatizo ni kwamba ubishi wa namna hiyo ni wa kumbukumbu tupu: huyu anaapa mhusika alisema hivi, yule anakana, na hakuna wa kuonyesha. Mwongozo huu unahusu kikao ambacho filamu inatazamwa pamoja na kujadiliwa palepale, wakati tukio linalobishaniwa bado linaweza kurudishwa kwenye skrini. Hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata: idadi ya watu, urefu wa filamu, aina ya spika, hata nani akae karibu na laptopu.

Watu, mahali na saa

Watu 8 hadi 15 wanatosha. Wakipungua hapo, wawili wakikubaliana mjadala umekwisha. Wakizidi 20 kikao kinageuka mkutano wa hadhara, na wenye sauti ndogo hawapati zamu. Sebule ya Sinza au Tabata yenye ukuta mmoja mtupu inachukua watu kumi na wawili ukiondoa meza ya kioo na kochi moja. Mkihitaji nafasi zaidi, darasa la tuisheni mwishoni mwa wiki ni bora kuliko baa, maana baa haitazima muziki wake kwa ajili yenu.

Wengi hukimbilia kufanya nje usiku kwa sababu inapendeza. Piga hesabu kwanza. Jua la Dar huzama kati ya takriban saa 12:10 na 12:50 jioni kutegemea mwezi, na giza la kufaa projekta linapatikana kama dakika 25 baadaye. Isha inaingia kati ya saa 1:20 na saa 2:00. Kwa hiyo filamu ya saa mbili iliyoanza baada ya Isha inakwisha saa nne, mjadala unakwisha saa tano, na mtu wa Mbagala aliyekuja Mwenge anaanza kuangalia saa kabla hajafungua mdomo. Mjadala unaoanza watu wakiwa wanawaza usafiri ni bora usiwepo.

Ratiba inayofanya kazi ni ya ndani, Jumamosi, chumba chenye mapazia mazito. Filamu inaanza saa 10:15, watu wakiwa wameshaswali Alasiri. Filamu isiyozidi dakika 120 inakwisha karibu na Magharibi. Wanaoswali wanaswali, wengine wananyoosha miguu, kisha mjadala unaanza saa 1:00 na kufungwa saa 2:00. Daladala bado zipo, bodaboda hazijapandisha bei. Nje kunafaa pale tu wote wanapoishi mtaa mmoja, na si wakati wa masika, Machi hadi Mei. Hata vuli ina mvua za ghafla, na projekta haina mwavuli.

Siku ya Simba na Yanga msipange kitu.

Kuhusu ruhusa: kutazama nyumbani na marafiki ni jambo moja, kuonyesha hadharani au kutoza kiingilio ni jingine kabisa. Usajili wa huduma za filamu mtandaoni kwa kawaida ni wa matumizi ya nyumbani. Mkitaka kuonyesha kwa watu wa nje, kwanza pateni idhini ya mwenye filamu. Filamu zinazoonyeshwa hadharani nchini hukaguliwa na kupangiwa madaraja ya umri na Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na mambo ya hakimiliki yako chini ya COSOTA. Mchango wa bisi na maji si kiingilio, lakini tangazo lenye bei ni kiingilio hata mkiliita mchango. Kama sauti itatoka nje, mjulisheni mjumbe na majirani wa ukuta mmoja siku moja kabla.

Kuchagua filamu

Vikundi vingi hufa hapa. Mtu anauliza "tutazame nini?", majina ishirini yanamiminika, wiki inapita, hakuna kilichoamuliwa. Badala yake mtu mmoja apewe zamu na alete majina matatu tu. Kwa kila jina aandike mambo manne: urefu kwa dakika, mwaka na toleo, lugha pamoja na maandishi ya chini yanayopatikana, na swali moja ambalo filamu hiyo inaweza kulibeba. Asiyeweza kuandika swali hana filamu ya mjadala. Ana filamu ya kutazama tu, na hiyo ina siku yake.

Urefu unauma kuliko watu wanavyodhani. Gravity ya 2013 ni dakika 91, WALL·E ya 2008 ni 98, District 9 ya 2009 ni 112, Arrival ya 2016 ni 116. Zote zinaingia kwenye ratiba ya alasiri. Interstellar ya 2014 ni dakika 169, na ukiiweka bila mapumziko utapoteza nusu ya watu pale pale inapotaka umakini. Ikibidi, anzeni saa moja mapema na mkate pale wanaanga wanaporudi chomboni kutoka sayari ya maji na kukuta miaka 23 imepita. Hakuna atakayeondoka na swali lile kichwani.

Toleo nalo si jambo dogo. Blade Runner ndiyo mfano wa kufundishia. Toleo la sinema la 1982 lina sauti ya mhusika mkuu akisimulia na mwisho wa furaha. Toleo la 1992 liliondoa vyote viwili na kuongeza ndoto ya farasi mwenye pembe moja, na la 2007 likafuata mkondo huohuo. Ndoto hiyo ndiyo nguzo ya wanaosema Deckard, mhusika mkuu huyo, mwenyewe si binadamu wa kuzaliwa. Mtu aliyeona toleo la kwanza na mtu aliyeona la tatu watabishana usiku kucha kumbe hawakutazama filamu moja.

Angalieni pia mwanga wa filamu yenyewe. Saifai inapenda giza: vyumba vya chombo, mvua za usiku, korido. Alien ya 1979 kwenye projekta dhaifu ni sauti za watu wakipumua na ukuta wa kijivu. Kama kifaa chenu ni cha wastani, chukueni filamu za jua kali. Mad Max: Fury Road ya 2015, iliyopigwa kwa sehemu kubwa kwenye jangwa la Namibia, inaonekana vizuri hata pazia likivuja mwanga kidogo. Ila si ya watoto, na mwenye zamu aseme hivyo mapema.

Fury Road inaenda vizuri ikitanguliwa na Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya ya mwaka 2009, kama dakika 20 hivi. Zote mbili zinauliza nani anashika maji. Katika Pumzi watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa baada ya vita vya maji, jasho na mkojo vinasafishwa na kunywewa tena, umeme unazalishwa kwa miguu ya watu, na anayetaka kutoka nje lazima aombe kibali. Dar, ambako neno mgao halihitaji maelezo na kila nyumba ina madumu yake, swali "nani apewe funguo za bomba?" halikosi wachangiaji. Mazungumzo katika Pumzi ni machache, jambo linalowasaidia wasiofuata Kiingereza. Kwa kufungulia kikundi kipya kabisa, Safari ya Mwezini ya Georges Méliès ya mwaka 1902 ni takriban robo saa, haina maneno, na hakimiliki yake imekwisha. Wanaanga wanapigwa kwa mzinga kama risasi. Uliza tu, "wangefika wazima?", kisha kaa pembeni.

Skrini na projekta

Televisheni ya inchi 55 inatosha watu wanane. Zaidi ya hapo tafuteni projekta. Namba ya kuangalia ni lumeni, yaani kiasi cha mwanga, za kipimo cha ANSI. Kwa picha ya inchi 100 ndani ya chumba chenye mapazia, 3,000 za kweli zinatosha, na gizani kabisa hata 2,000 zinapita. Zile projekta ndogo za bei rahisi zilizoandikwa lumeni 9,000 kwenye boksi kwa kawaida hutoa mia chache tu. Kabla ya kulipa Kariakoo, mwombe muuzaji aiwashe taa za duka zikiwaka, aisogeze hadi picha iwe na upana wa mita 2, na aweke tukio la usiku. Usipotofautisha nywele za mhusika na ukuta ulio nyuma yake, shukuru na uondoke.

Kukodi ni nafuu. Wanaokodisha vifaa vya send-off na kitchen party karibu wote wana projekta, ila nyingi ni za picha ya mraba-mraba, pikseli 1024 kwa 768. Filamu itakaa katikati na mistari mieusi juu na chini, ikitumia pikseli 1024 kwa 576 tu. Haina ubaya kwa inchi 100. Usikubali tu mtu aivute picha ijae, maana nyuso zote zitarefuka.

Picha ya inchi 100 ya upana wa kisasa ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125. Projekta ya kawaida inahitaji umbali wa kama mara moja na nusu ya upana, yaani mita 3.3, kwa hiyo pimeni chumba kabla ya kukodi. Shuka jeupe la kitanda kikubwa linafaa, ila shuka moja hupitisha mwanga, basi weka mawili au tundika kitambaa cheusi nyuma yake. Lipigwe pasi, kwa kuwa mikunjo inaonekana kwenye kila anga jeupe. Ingiza bomba au ufito kwenye pindo la chini lipate uzito, na funga pembe zote nne. Nje, upepo wa jioni kutoka baharini utalijaza shuka kama tanga usipofunga chini.

Ukingo wa chini wa picha uwe mita 1.2 kutoka sakafuni kama watu wanakalia viti vya plastiki. Ukishuka hapo, vichwa vya mstari wa mbele vinakula maandishi ya chini. Mkeka mbele, vigoda katikati, viti nyuma, na wa kwanza asiwe karibu zaidi ya mita 2.5. Projekta ikae juu ya meza imara, isiinamishwe sana, kwani ukiiinamisha picha inakuwa pana juu na nyembamba chini, na kuirekebisha kwa menyu kunapunguza ukali wake.

Huduma za mtandaoni zina mtego mmoja. Ukiunganisha laptopu na projekta ya zamani au adapta ya ovyo, sauti inatoka lakini picha ni nyeusi. Hapo kinga ya kunakili kwenye waya wa HDMI imekataa kifaa, na kuzima na kuwasha mara kumi hakutasaidia. Jaribuni siku moja kabla kwa vifaa vilevile na waya uleule. Kwa faili lililo kwenye flashi, kumbuka flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili la zaidi ya GB 4. Ifomati kwa exFAT, lakini hakikisha kwanza kifaa cha kuchezea kinaisoma, maana televisheni nyingine hukataa.

Sauti

Watu huvumilia picha mbaya, ila mazungumzo yasiyosikika hawayavumilii, na huwezi kujadili sentensi ambayo nusu ya chumba haikuisikia. Spika iwe chini au pembeni ya skrini, usawa wa masikio, si nyuma ya watazamaji. Ungeni kwa waya. Kwa Bluetooth sauti inaweza kuchelewa sehemu moja hadi tatu za kumi za sekunde, midomo ikawa mbele ya maneno. Kama hamna waya, VLC, programu ya bure ya kuchezea filamu, ina vitufe J na K vya kusogeza sauti hadi ikae.

Tatizo la pili linasumbua kimyakimya: milipuko inatikisa dirisha, mazungumzo kama yanatoka chini ya mto. Mara nyingi faili lina sauti ya njia sita, na mazungumzo yako kwenye njia ya katikati ambayo spika zenu mbili hazina. Tafuteni kwenye orodha ya sauti njia iliyoandikwa stereo. Kama haipo, washeni kipunguza tofauti za sauti kwenye VLC, sehemu ya madoido ya sauti. Feni nayo iangaliwe. Ya kusimama iliyo mita moja kutoka kwa mtu humfunika maneno, basi ziwe mbili kwenye pembe za nyuma, kasi ya chini.

Lugha

Hapa kila kikundi cha Dar kinapaswa kuamua mapema. Filamu iliyotafsiriwa kwa sauti juu, ya mtindo wa kibanda umiza, ni burudani ya aina yake na ina mabingwa wake. Kwa mjadala ina kasoro moja: mtafsiri anaongeza utani, anabadilisha majina, anaruka mazungumzo marefu. Mtabishana kuhusu maneno yake badala ya maneno ya filamu. Tumieni sauti ya asili na maandishi ya chini.

Ya Kiingereza yanapatikana kwa urahisi, ya Kiswahili ni nadra. Hamlazimiki kutafsiri filamu nzima. Chagueni matukio manane hadi kumi yanayobeba swali lenu, tafsirini hayo, na muyaweke kwenye faili la .srt, yaani faili la maandishi ya chini. Programu ya bure ya Subtitle Edit inafanya kazi hiyo. Kila mstari usizidi herufi 42, isiwe zaidi ya mistari miwili kwa wakati, na uonekane angalau sekunde moja na nusu. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo kata bila huruma: "Sidhani kama tunapaswa kumwamini" inaweza kuwa "Tusimwamini". Hifadhi kwa UTF-8, lipe faili jina lilelile la filamu, liweke folda moja nayo.

Maandishi yakipishana na midomo, pima mara mbili kabla ya kurekebisha: dakika ya 5 na dakika ya 90. Pengo likiwa lilelile, G na H kwenye VLC zinatosha. Likiwa linakua, maandishi yametengenezwa kwa kasi tofauti ya picha, kwa mfano 25 kwa sekunde dhidi ya 23.976, na pengo hilo hufika kama dakika 2 na nusu kwa kila saa ya filamu. Hilo halitibiki kwa kusogeza. Badilisha kasi ya faili zima ndani ya Subtitle Edit.

Umeme

Projekta ya balbu inakula kama wati 300, laptopu 60, spika 60. Kwa saa nne ni chini kidogo ya uniti mbili. Angalieni LUKU kabla wageni hawajafika, maana uniti zina tabia ya kuisha dakika kumi kabla ya mwisho wa filamu.

Umeme ukikatika ghafla, balbu ya projekta inabaki na joto huku feni yake imesimama, na hapo ndipo maisha ya balbu yanapofupishwa. UPS ndogo ya VA 650 haitamaliza filamu, lakini inakupa dakika chache za kuizima kistaarabu na kuiacha ipoe. Inveta yenye betri ya 12V ya Ah 100 ni hesabu nyingine: betri ya kawaida ya asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo una kama wati-saa 600, na baada ya upotevu wa inveta kama 500. Kwa mzigo wa wati 420 ni saa moja na dakika kumi hivi. Kwa projekta ya LED ya wati 100, filamu nzima inapita. Jenereta ikitumika ikae nje kabisa, mbali na madirisha, upande ambao upepo unatoka nyumbani kwenda kwake. Moshi wake unaua bila harufu ya kutosha kukushtua. Waya wa ekstensheni upite kando ya ukuta na ubandikwe kwa solotepu pana mlangoni.

Vya kula: bisi kwenye mifuko ya kaki, si krispi za pakiti zinazokwaruza. Kilo moja ya mahindi ya bisi inatosha watu 20. Mishikaki iwe ya baada ya filamu, na jiko lisiwe kati ya projekta na skrini, maana moshi unashika mwanga na picha inakuwa ukungu. Kahawa na kashata ziletwe mjadala unapoanza.

Mjadala

Pangeni watu watatu kabla taa hazijazimwa. Mwendesha mjadala, ambaye hana haki ya kuwa na upande usiku huo. Mshika saa, mwenye simu ya kupigia kengele. Na mwandishi wa dakika, anayekaa karibu na laptopu na daftari, akiandika muda wa kila tukio linaloelekea kuleta ubishi: "0:41, anakataa kusaini." Huyu ndiye mtu muhimu kuliko wote na ndiye anayesahaulika. Kwenye VLC, Ctrl na T hukupeleka moja kwa moja kwenye dakika unayotaka, na kitufe E kinasogeza picha mojamoja. Bila daftari, kurudisha tukio kunakula dakika tano za kutafutatafuta, na joto la hoja linapoa.

Raundi ya kwanza: kila mtu anataja tukio moja lililomkaa, sentensi moja, bila kusema filamu ni nzuri au mbaya. Waanze walioiona kwa mara ya kwanza. Mkiwaacha wajuzi waanze, watataja mwongozaji, mwaka na nadharia tatu, na mgeni ataamua kunyamaza hadi mwisho. Wajuzi pia wakatazwe kumwaga mtama kuhusu sehemu zinazofuata za mfululizo.

Kisha swali la mwenye zamu. "Filamu ilikuwa nzuri?" si swali. Kwa Black Panther ya 2018, "Killmonger, hasimu wa shujaa, alikosea lengo au alikosea njia?" ni swali, kwa kuwa kila jibu linahitaji ushahidi na kila ushahidi una dakika yake. Kila mchangiaji dakika mbili, na kila dai lishikwe kwenye tukio. Anayebishiwa anaweza kusema "rudisha", lakini kikundi kizima kina marudisho matano tu kwa kikao. Kikomo hicho kinawafanya watu wafikiri kabla ya kudai.

Ubishi mwingi wa saifai hauishi kwa sababu watu wanabishana mambo matatu tofauti wakidhani ni moja. Kazi kubwa ya mwendesha mjadala ni kuyatenganisha.

La kwanza ni sayansi ya dunia halisi. Chukua The Martian ya 2015: dhoruba ya mwanzo inataka kuangusha roketi. Hewa ya Mirihi ina msongamano usiofika asilimia 2 ya wetu, kwa hiyo upepo wa kilomita 150 kwa saa kule unasukuma kama upepo wa kilomita 20 kwa saa hapa, yaani ule wa jioni ya kawaida Coco Beach. Mtu akisema hivyo, amesema kweli, na hapo huwa anakaa akidhani ameiua filamu. Mwendesha amuulize: dhoruba hiyo ni mlango wa kuingilia hadithi, au ndiyo inayotatua matatizo yake? Kanuni nzuri ni kuiruhusu kila filamu uongo mmoja mkubwa mwanzoni. Uongo wa pili, hasa unaokuja kumwokoa mhusika dakika za mwisho, ndio wa kushitakiwa. Kwa kipimo hicho The Martian inapona, na filamu nyingi za bei kubwa zinaanguka.

La pili ni kanuni za hadithi yenyewe. Hapa fizikia haina kazi, swali ni kama filamu imetii sheria ilizojiwekea. Katika Back to the Future ya 1985, wakati uliopita ukibadilika, ndugu za mhusika mkuu wanafutika kidogokidogo kwenye picha aliyonayo. Kwa nini polepole, na kwa nini kwa kufuatana? Mtu anayejibu "lakini kusafiri kwenye wakati hakuwezekani" amejibu swali la chumba kingine, na mwendesha amrudishe kwa upole.

La tatu ni maana, pamoja na siasa. District 9 ilipigwa Johannesburg na inabeba kumbukumbu ya kuhamishwa watu kwa rangi, lakini mwaka huohuo wa 2009 serikali ya Nigeria ililalamikia jinsi Wanaijeria walivyoonyeshwa humo. Filamu inaweza kupinga ubaguzi kwa mkono mmoja na kuutenda kwa mwingine? Hapo watu hupandisha sauti, na si vibaya. Kinachoharibu ni mtu kuanza kumjadili msemaji badala ya hoja. Mshika saa apige kengele hapo hapo, hata kama dakika mbili hazijaisha.

Mjadala ukilala, usiulize "kuna mwingine?" Waambie walio upande mmoja watetee upande wa pili kwa dakika tatu. Ukichemka kupita kiasi, tumieni rudisho moja: tukio likionekana tena skrini ikiwa kubwa, wabishi wawili hugundua mara nyingi kwamba hakuna aliyelikumbuka sawasawa.

Kura

Kila kikao kiongeze filamu kwenye orodha ya kikundi, na baada ya filamu sita hivi pigeni kura ya bora. Msitumie mikono, kwa kuwa watu wanafuata wa kwanza kunyanyua. Kila mtu aandike tatu bora kwenye karatasi, ya kwanza pointi 3, ya pili 2, ya tatu 1. Kwa watu 12 zinapatikana pointi 72. Njia hii inainusuru filamu ambayo wengi wanaiweka ya pili dhidi ya ile ambayo watano wanaiabudu na saba hawataki kuisikia. Msiruhusu kura kwa filamu ambayo mtu hakuitazama hadi mwisho, na daftari la dakika ndilo linalothibitisha nani alikuwepo. Karatasi zihesabiwe mbele ya wote, taa zikiwa zimewashwa na feni ya projekta bado inazunguka. Zikifungana, yenye dakika chache ndiyo inayotangulia, na ile nyingine inaingia moja kwa moja kwenye majina matatu ya mwenye zamu ijayo.